Fundo Kwenye Aya: Mwongozo Kamili wa Kuandika Midrashi

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, nyumbani Tanga, nilikitafuta kisa cha Ibrahimu na masanamu ndani ya Biblia ya mama nisikione. Mtoto wa jirani alikuwa amenisimulia akitoka madrasa: Ibrahimu kijana anavunja masanamu yote, analiacha kubwa lao, na wenye mali wakija juu anawaambia muulizeni huyo mkubwa. Nikasoma Mwanzo sura ya 11, nikasoma ya 12, nikarudia. Hakuna. Sura ya 11 inamtaja Tera na wanawe watatu, na katika ya 12 Ibrahimu tayari ana miaka 75 anaambiwa atoke aende. Utoto wake wote umerukwa.

Kisa kipo kwenye Qurani, Surat Al-Anbiyaa. Na kwa Wayahudi kipo pia, lakini nje ya Torati yenyewe, katika mkusanyo uitwao Bereshit Rabba uliokusanywa nchi ya Israeli yapata karne ya 5. Humo Tera ni muuza masanamu na siku moja anamwachia mwanawe duka. Anakuja mteja. Ibrahimu anamuuliza, "Una miaka mingapi?" Mtu anataja umri wake wa mtu mzima. "Ole wake mtu wa umri huo anayetaka kukisujudia kitu kilichofinyangwa jana." Mteja anaona haya, anakwenda zake. Kisha anakuja mwanamke na sahani ya unga, sadaka ya masanamu. Akiondoka tu, Ibrahimu anachukua fimbo, anayavunja yote, fimbo anaishikisha lile kubwa. Baba anaporudi anaambiwa kwamba masanamu yamegombania unga, kila moja likitaka kula kwanza, na kubwa lao likayapiga. "Unanifanyia mzaha? Haya yanajua nini?" Na mwana: "Baba, masikio yako yasikie kinywa chako kinavyosema."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, walijitungia tu kisa kizuri. Siku nilipoonyeshwa msumari kilipotundikwa ndipo nilipoanza kuielewa midrashi, njia ya kale ya Kiyahudi ya kufafanua maandiko. Mwanzo 15:7 Mungu anasema, "Mimi ndiye niliyekutoa katika Uri ya Wakaldayo." Tunasoma Uri kuwa ni mji. Lakini kwa Kiebrania herufi zilezile husomeka pia "moto". Mimi ndiye niliyekutoa katika moto wa Wakaldayo. Moto gani? Nani alimtupa motoni, na kwa kosa gani? Tena Mwanzo 11:28 inasema Harani, nduguye Ibrahimu, alifia mbele ya Tera baba yake, hukohuko Uri. Alikufaje, na kwa nini aya itaje uso wa baba? Bereshit Rabba inajibu: Ibrahimu alitupwa tanuruni na Nimrodi akatoka mzima, Harani alikuwa akisubiri aone nani atashinda ndipo achague upande, naye alipotupwa akateketea. Kisa chote, duka, fimbo, tanuru na mauti ya ndugu, kimening'inia kwenye neno moja lililokataa kukaa sawa.

Ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Watu wengi huambiwa midrashi ni "kuandika upya visa vya Biblia kwa ubunifu" wakakimbilia ubunifu. Bila fundo kwenye aya huna midrashi, una hadithi.

Kwanza, maana ya neno

Midrashi inatoka kwenye mzizi wa Kiebrania d-r-sh, kutafuta, kuulizia, kuchimbua. Ni jamaa wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia darasa na madrasa. Nyumba ya kusomea ya Kiyahudi huitwa beit midrash. Ipo midrashi ya sheria, inayotoa hukumu kutoka kwenye aya, na ipo ya simulizi, iitwayo agada. Hapa nazungumzia agada.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70. Watu waliokosa madhabahu na makuhani walibaki na maandishi, nao marabi wakayafanya nyumba. Kwa hiyo walichunguza kila herufi kama mtu anavyochunguza kila ufa wa nyumba yake. Gombo la Torati lina herufi 304,805, na mwandishi wa gombo haruhusiwi kuongeza wala kupunguza hata moja. Uhuru wa midrashi uko pembeni mwa maandishi, kamwe hauingii ndani yake. Na Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi, inaweka mpaka mwingine katika kitabu chake cha Shabbat: aya haitoki kwenye maana yake ya wazi. Unaweza kuikunjua utakavyo, lakini maana ya wazi inabaki imesimama palepale.

Msomaji mcha Mungu ataniuliza: inaruhusiwa? Talmudi ina kisa, kitabu cha Menahot, ambacho mimi hukisoma kila ninapopata wasiwasi huo. Musa anapelekwa kuliona darasa la Rabi Akiva, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja baada yake. Anakaa safu ya nane, nyuma, na haelewi lolote. Anaishiwa nguvu. Kisha mwanafunzi anamuuliza Akiva, "Mwalimu, hili umelitoa wapi?" Akiva anajibu, "Ni sheria aliyopewa Musa pale Sinai." Musa akatulia. Waliokiandika kisa hiki walijua vizuri kwamba wanasema mambo ambayo Musa asingeyatambua, na waliona kwamba bado ni ya Musa.

Hatua ya kwanza: chukua aya chache uzinakili kwa mkono

Aya tatu, nne, zisizidi nane. Sura nzima itakuzidi. Zinakili kwenye daftari, ukiacha mstari mmoja mtupu kati ya kila mistari miwili. Talmudi ya Yerusalemu (Talmudi ziko mbili, hii na ya Babeli) inasema Torati iliandikwa kwa moto mweusi juu ya moto mweupe. Ule mstari mtupu ndio moto wako mweupe, na ndipo utakapofanyia kazi.

Weka tafsiri mbili au tatu za Kiswahili ubavuni. Zinapotofautiana, hapo pana kitu: mfasiri mmoja amelificha fundo, mwingine ameliacha. Kisha fungua Sefaria, maktaba ya bure ya intaneti yenye Torati, Talmudi na midrashi za kale kwa Kiebrania na Kiingereza. Huhitaji kukijua Kiebrania. Unahitaji kujua neno lipi limerudiwa na wapi kwingine limetumika, na kwa kamusi na uvumilivu hilo linawezekana.

Nitaibeba aya moja nanyi hadi mwisho. Ni Mwanzo 8:6–9, tafsiri yangu mwenyewe, nikijibana kwenye maneno ya Kiebrania hata pale Kiswahili kinapokwaruza:

"Ikawa mwisho wa siku arobaini Nuhu akalifungua dirisha la safina aliyoifanya. Akamtuma kunguru, akatoka, akitoka na kurudi, hata maji yalipokauka juu ya nchi. Akamtuma njiwa kutoka kwake, aone kama maji yamepungua juu ya uso wa ardhi. Njiwa hakuona pa kutuliza wayo wa mguu wake, akamrudia safinani, kwa kuwa maji yalikuwa juu ya uso wa nchi yote; naye akautuma mkono wake, akamtwaa, akamwingiza kwake safinani."

Soma kwa sauti. Mara tatu si nyingi.

Hatua ya pili: tafuta fundo

Hapa ndipo pa kukaa siku nzima. Mtu aliyezoea kusoma kwa ibada hulipita fundo bila kuliona, kwa sababu moyo wake unamsaidia mwandishi kusawazisha. Jizuie kusaidia. Hizi ndizo aina nilizozizoea mimi.

Kimya. Mwanzo 4:8 kwa Kiebrania inasema Kaini alimwambia Habili nduguye, na hapo inakatika. Sentensi inayofuata wako shambani na mmoja anauawa. Alimwambia nini? Biblia kadhaa za Kiswahili zimejaza, "Twende shambani," zikifuata tafsiri za kale kama ile ya Kigiriki. Ni ukarimu wa mfasiri, lakini umetunyima pengo kubwa kuliko yote kwenye sura ile.

Neno lisilo na sababu. Mwanzo 22:2: "Mtwae mwanao, wa pekee wako, umpendaye, Isaka." Lingetosha jina. Marabi walisikia humo mazungumzo ambayo upande mmoja wake haukuandikwa. Mtwae mwanao. Ninao wawili. Wa pekee wako. Huyu ni wa pekee kwa mama yake, na yule ni wa pekee kwa mama yake. Umpendaye. Nawapenda wote wawili. Isaka. Sijui midrashi nyingine inayosema mengi hivyo kwa kugusa kidogo hivyo: aya haikubadilishwa hata herufi, ila sasa unamsikia baba akichelewesha jina lisitajwe, na Ishmaeli amerudi ndani ya moyo wake.

Ujirani wa aya. Sura hiyohiyo ikiisha, Ibrahimu anarudi kwa vijana wake, Isaka hatajwi. Sura inayofuata inaanza na kifo cha Sara. Kwa nini mambo haya mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu? Vayikra Rabba, mkusanyo mwingine wa midrashi, inasimulia kwamba Isaka alirudi kwa mama yake akamweleza yaliyotokea mlimani, naye Sara akapiga yowe mara sita, kwa hesabu ya milio sita ya baragumu, akafa. Kila Mwaka Mpya wa Kiyahudi baragumu la pembe ya kondoo dume linapopulizwa sinagogini, wanaoijua midrashi hii wanamsikia mama.

Wingi mahali pa umoja. Mungu anapomwambia Kaini kwamba damu ya nduguyo inanililia, Kiebrania kinaweka damu katika wingi, "madamu" kama tungeruhusiwa kusema hivyo. Kiswahili hakina njia: damu ni damu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaeleza wingi huo katika kitabu cha Sanhedrin: ni damu yake na damu ya uzao wake wote ambao hautazaliwa, ndiyo maana aangamizaye nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Msomaji wa Surat Al-Maida anayatambua maneno haya, kwa sababu aya ya 32 inasema kwamba jambo hili waliandikiwa Wana wa Israili, na inalisema mara tu baada ya kisa cha watoto wawili wa Adamu.

Jina dogo. Sera binti Asheri anatajwa kwenye orodha tu, mara moja miongoni mwa walioshuka Misri na tena kwenye sensa ya jangwani, vizazi kadhaa baadaye. Jina la mwanamke mmoja kwenye orodha mbili zilizoachana hivyo! Basi marabi wakasema hakufa. Yeye ndiye aliyemwonyesha Musa kaburi la Yusufu. Na katika mkusanyo mmoja wa kale, Rabi Yohanan anafundisha jinsi kuta za maji ya bahari zilivyoonekana Israeli walipovuka. Sera anachungulia darasani anamsahihisha: nilikuwepo, hazikuwa hivyo, zilikuwa ziking'aa.

Irabu. Gombo la Torati halina irabu. Aliyewahi kusoma utenzi wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu anajua jinsi neno moja linavyoweza kuwa mawili. Marabi waliligeuza jambo hili kuwa chombo: "usisome hivi, soma vile." Isaya anasema "wana wako wote", na Talmudi: usisome wana wako, soma wajenzi wako. Chombo hiki ni kitamu, na wanaoanza hukitumia kupita kiasi. Vivyo hivyo hesabu za herufi, kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba. Ziacheni hadi mmeandika midrashi kumi bila hizo.

Turudi safinani. Nilipoinakili aya yetu niliweka alama mahali pane. Njiwa anatumwa kwa sababu, aone kama maji yamepungua. Kunguru hana sababu iliyotajwa. Njiwa anatumwa "kutoka kwake". Kunguru hakutumwa kutoka kwake. Kunguru "akitoka na kurudi", lakini hatuambiwi alirudi wapi. Na la nne, ambalo Kiswahili sanifu hulifuta: Kiebrania kinatumia mzizi mmoja, sh-l-h, kwa kumtuma kunguru, kumtuma njiwa na kuunyosha mkono. Nuhu alimtuma kunguru. Kwa njiwa alituma pia mkono.

Hatua ya tatu: geuza fundo kuwa swali moja

Swali liwe fupi na lisijibike kwa ndiyo au hapana. "Aya hii inatufundisha nini?" ni swali la mahubiri, litakupa mahubiri. "Kunguru alirudi wapi?" ni swali la midrashi. Kama una maswali manne, andika yote, kisha chagua lile linalokuumiza. Mimi nilichagua hili: kwa nini kunguru hakunyoshewa mkono?

Hatua ya nne: nenda kwa wazee kabla hujafungua kinywa

Wengine husema usisome midrashi za kale kwanza, zitakubana. Sikubaliani nao. Kikao hiki kilianza zamani, na anayeingia kikaoni husikiliza kwanza.

Tazama walivyolijaza pengo la Kaini. Bereshit Rabba inatoa majibu matatu na kuyaacha yote. Wa kwanza: waligawana dunia, mmoja akachukua ardhi na mwingine vitu vinavyohamishika. Huyu akasema, "Ardhi unayokanyaga ni yangu." Yule akasema, "Nguo uliyovaa ni yangu." "Vua!" "Ruka hewani!" Wa pili: kila mmoja alitaka Hekalu lijengwe upande wake. Wa tatu: waligombania mwanamke. Mali, dini, mapenzi. Hakuna aliyetangazwa mshindi. Baina ya jibu na jibu huwekwa maneno mawili ya Kiebrania, davar aher, yaani "neno jingine". Ukijifunza kuandika "neno jingine" bila kulifuta lililotangulia, umejifunza nusu ya kazi.

Kuhusu kunguru wazee wamesema mengi. Katika Talmudi ya Babeli, Sanhedrin 108, kunguru anamlaumu Nuhu: wa ndege safi wako saba saba, wa jamii yangu tuko wawili tu, jua au baridi ikiniua, dunia si itapungukiwa kiumbe? Hapohapo wanaona kutokana na "kutoka kwake" kwamba ndege safi walikaa karibu na mwenye haki. Katika Bereshit Rabba Nuhu anasema, dunia inamhitajia nini ndege huyu, haliwi wala hatolewi sadaka? Mungu anamwambia ampokee, kwani siku itafika atahitajika: "hata maji yalipokauka", atakuja mwenye haki mmoja atakayeikausha dunia. Ni Eliya, aliyezuia mvua, akalishwa na kunguru kwenye kijito cha Kerithi.

Hatua ya tano: lete aya ya pili kutoka mbali

Midrashi hupenda kukutanisha aya zisizojuana. Wahubiri wa kale walifungua kwa aya ya mbali, kutoka Zaburi au Mithali, wasikilizaji wakijiuliza inaingiaje, kisha wakatembea nayo polepole mpaka ifike kwenye aya ya siku ile. Neno linalorudi pande zote mbili ndilo daraja. Huwezi kujenga daraja kwa wazo tu, kwamba "zote zinazungumzia huruma". Lazima neno.

Wazee wamekwisha kutuwekea 1 Wafalme 17. Nikaisoma tena yote, nikaona kwamba kunguru walimletea Eliya mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni. Wanakwenda, wanarudi. Kutoka na kurudi kulekule.

Hatua ya sita: andika fupi

Nusu ukurasa inatosha. Midrashi ya kale haielezi hali ya hewa wala rangi ya nguo; inatupa kauli mbili tatu na kuondoka. Wape wahusika kusema. Ukikwama, tumia mfano wa mfalme kama marabi walivyopenda: "Jambo hili lafanana na nini? Lafanana na mfalme ambaye..." Mungu wanamwita Mtakatifu, ahimidiwe, na ukimpa kusema, msemeshe kwa maneno ya aya nyingine kadiri uwezavyo.

Ushairi pia unakubalika. Watunzi wa pwani yetu walivikunjua visa vya Yusufu na Ayubu ubeti kwa ubeti, kwa njia yao na kwa imani yao, na atakayeandika midrashi kwa mizani ya utenzi ataniona wa kwanza kwenye safu ya wasomaji.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Akitoka na kurudi. Alirudi wapi? Dirishani. Akaona njiwa akitumiwa mkono, akasema: Nuhu, mimi ulinituma, mkono ukabaki nao. Nuhu akasema: huliwi, wala hutolewi sadaka. Mtakatifu, ahimidiwe, akamwambia kunguru: njia hii ya kutoka na kurudi unayoichoka, ishike. Ukaitoka asubuhi, ukairudi jioni, utamlisha kwayo nabii wangu. Na Eliya alipoletewa mkate, alimnyoshea kunguru mkono."

Hatua ya saba: msomee mwenzako

Wayahudi husoma wawili wawili. Mwenza wa kusoma huitwa havruta. Kazi yake ni kukupinga. Mimi na wangu tuna kanuni moja: anauliza "imeandikwa wapi?" mpaka nijibu kwa kidole kwenye aya au nifute.

Kama si Myahudi, kama mimi, hatua hii ina uzito wa ziada. Unaingia nyumba ya watu waliomo. Usiichukue midrashi ukaitumia kuthibitisha kwamba dini yako ilikuwa imefichwa humo. Wayahudi wamefanyiwa hivyo karne nyingi, mara nyingi kwa damu. Andika waziwazi lipi ni la Torati, lipi la marabi, lipi lako, msomaji asije akabeba la kwako akidhani ni la Bereshit Rabba. Na wa kuulizwa wapo, hata karibu nasi: Nairobi kuna sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Tena midrashi haikufungwa na wa kale. Tangu miaka ya 1970 hasa, wanawake wa Kiyahudi wa Marekani na baadaye wa Israeli wameandika midrashi nyingi wakiwapa Sara, Hajiri, Dina na Miriamu maneno ambayo aya haikuwaandikia. Kabla ya kuandika juu ya mwanamke wa Torati, wasome hao.

Basi nikamsomea mwenzangu. Tulikuwa tumekaa barazani, Biblia mbili na simu moja kati yetu. Alinyamaza hadi mwisho, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa daftari. "Eliya alimnyoshea kunguru mkono. Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Nilikuwa nimeitamani tu.

Tukarudi 1 Wafalme 17, safari hii polepole. Aya ya 4: "Nimewaamuru kunguru wakulishe huko." Aya ya 9, kijito kimekauka: "Nimemwamuru huko mwanamke mjane akulishe." Maneno yaleyale ya Kiebrania, kuamuru na kulisha, mjane wa Sarepta, mgeni wa Sidoni, amewekwa mahali pa kunguru. Na aya ya 11, Eliya anamwita mjane: "Niletee, tafadhali, kipande cha mkate mkononi mwako." Tulitazamana. Mkononi mwako. Mkate huletwa na nini kama si mkono? Neno la ziada, lisilo na sababu. Mkono niliokuwa nikiutafuta ulikuwepo, ila haukuwa wa Eliya.

Hatua ya nane: andika upya, kisha acha nafasi

Nilifuta mstari wa mwisho na kuandika hivi:

"Mkononi mwako. Kwa nini alisema hivyo? Siku nyingi Eliya alikula kwa viumbe wasio na mikono. Akamuuliza kunguru: nani alikufundisha kulisha nawe hukulishwa kwa mkono? Kunguru akasema: dirisha. Eliya akalia. Kijito kilipokauka, akaenda Sarepta, akasema: niletee mkate mkononi mwako, nami nikauone mkono ambao Nuhu hakuutuma."

Mwenzangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kalamu yangu na chini yake, kwenye ule mstari mtupu, akaandika: "Neno jingine. Kunguru hakunyoshewa mkono kwa sababu hakutaka kuingia. Imeandikwa: hata maji yalipokauka juu ya nchi. Yeye alikuwa akiitafuta nchi."

Nimeliacha hapohapo alipoliandika.